Mto Tana, Visima vya Mbwajumali na Swali la Maji Yanakotoka

Maandishi ya mazungumzo kwa wakazi wa Mbwajumali, Lamu Mashariki



Mtu wa Mbwajumali akisema anakwenda mtoni, hakuna anayetarajia arudi na maji ya kunywa. Mto wa visiwani ni mkono wa bahari. Maji yakijaa unajaa, yakitoka unabaki tope, na kando yake ni mikoko. Ukiufuata hadi mwisho hufiki kwenye chemchemi, unafika mahali mashua inapogusa chini. Mtu wa Murang'a akisema mto anazungumzia kitu kingine kabisa: maji ya baridi yanayoteremka upande mmoja tu, usiku na mchana, na yakipita hayarudi.

Tofauti hiyo ya neno moja ina uzito zaidi ya inavyoonekana, kwa sababu inagusa swali linalozuka kila kisima kinapoanza kugeuka chumvi. Maji matamu ya visima vya Pate yanatoka wapi? Jibu moja linaloingia akilini kwa urahisi ni kwamba yanatoka bara: kwamba mto mkubwa kama Tana unapita chini kwa chini, unavuka bahari na kutokea kisiwani. Kama jibu hilo ni kweli, hakuna la kuhofia, maana pampu ya Mbwajumali haiwezi kuumaliza Mlima Kenya. Kama si kweli, basi pampu hiyo ni jambo la kukaliwa kitako na kuzungumzwa.

Njia nzuri ya kulipima jibu hilo ni kuufuata Tana wenyewe, tangu unapoanza hadi unapoishia, na kuangalia kama kuna mahali popote unapoelekea Pate.

Tana hautoki pahali pamoja. Una mama wawili. Wa kwanza ni milima ya Nyandarua, ambayo kilele chake kirefu kinafika mita 4,001. Wa pili ni Mlima Kenya wenye mita 5,199. Milima hii miwili inatazamana, na mji wa Nyeri uko katikati yake. Kutoka Nyandarua hushuka Chania ya Nyeri na Gura, kisha Mathioya na Maragua, na kusini zaidi Thika pamoja na Chania nyingine, ile inayopita mjini Thika. Kutoka Mlima Kenya hushuka Sagana na Ragati, halafu Nyamindi na Thiba, ambayo maji yake ndiyo yanayolima mpunga wa Mwea. Mchele wa Mwea unaouzwa madukani, kwa hivyo, umenyweshwa maji ambayo yangeachwa yangeteremka kuja pwani.

Theluji iliyobaki kileleni mwa Mlima Kenya ni kidogo sana, na si hiyo inayoulisha mto. Unaolisha mto ni msitu. Mvua ikinyesha juu kule, udongo wa msituni unainywa kama sifongo na kuitoa polepole kwa miezi mingi, ndiyo maana mito ya huko haikauki kiangazi. Jambo hili litarudi baadaye kwenye visima, kwa sababu kisiwa cha Pate nacho kina sifongo yake.

Vijito hivyo vyote vinakusanyika na kuingia katika mabwawa ya umeme yanayoitwa Seven Forks. Jina lisimhangaishe mtu, mabwawa yaliyojengwa ni matano. Ukishuka na mto utayakuta kwa mpangilio huu: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Kindaruma ndilo la kwanza kujengwa, likaanza kazi mwaka 1968. Masinga, ambalo ndilo kubwa na ndilo ghala la maji la mengine yote, lilikamilika mwaka 1981. Tangu hapo Tana si mto ule uliokuwa ukijiamulia. Mafuriko ya kila msimu, yaliyokuwa yakiwaletea Wapokomo rutuba ya mashamba na Waorma malisho, yamekuwa yakishikwa kwanza juu kule na kuachiliwa kwa kipimo.

Kuna maji mengine ya Tana ambayo hayarudi tena kwenye Tana. Bwawa la Ndakaini, lililojengwa katika mto Thika na kukamilika mwaka 1994, linapeleka maji Nairobi. Nairobi yenyewe imekaa katika bonde la mto mwingine, Athi. Basi maji hayo yakishanywewa, yakishafulia na kuoshea vyombo, yanamwagika upande wa Athi, ambao chini huitwa Galana na mwishoni Sabaki, na yanaingia baharini kaskazini ya Malindi, karibu na Mambrui. Mvua iliyonyesha Nyandarua, ambayo kwa asili ingetokea Kipini, inatokea Mambrui baada ya kupitia mabomba ya Nairobi.

Chini ya Kiambere, Tana unapokea watoto wa mwisho walio wazima mwaka mzima, kama Mutonga na Kathita, wote kutoka upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Hapo ndipo pana mahali paitwapo Grand Falls, ambapo bwawa lingine kubwa limekuwa likizungumzwa kwa miaka mingi katika mipango ya LAPSSET. Likijengwa au lisijengwe, mtu wa Lamu ana sababu ya kufuatilia mazungumzo hayo, kwa kuwa kila kinachoshikwa juu kinapungua chini.

Baada ya hapo mto unaingia nchi kavu. Kutoka Garissa kwenda Hola na Garsen, Tana hauongezewi hata kijito kimoja cha kudumu. Kinachouingia ni malaga, yaani mikondo ya mchanga ambayo hupita maji siku chache tu mvua inaponyesha. Jua linaunywa, mashamba ya Bura na Hola yanaunywa, mchanga wa kando yake unaunywa. Huu ni mto unaopungua jinsi unavyoendelea. Mtu aliyezoea kudhani kuwa mto hukua kadiri unavyokaribia bahari, Tana utamsahihisha.

Garsen ikipita, mto unagawanyika katika delta, yaani nchi ya maziwa, vinamasi, misitu na mikondo mingi, ambayo mwaka 2012 iliorodheshwa chini ya mkataba wa Ramsar wa kuhifadhi ardhi oevu. Hapo mto hauna njia moja ya milele. Katika karne ya 19 Tana ulikuwa ukiingia baharini kusini-magharibi ya Kipini, na mahali pa Kipini palikuwa mlango wa mto mfupi wa Ozi. Wakati wa utawala wa Witu ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuunganisha mito hiyo miwili, ili vyombo vipite kwa urahisi. Mafuriko yakauona upenyo huo, yakaupanua, na Tana ukahamia Ozi. Watu walichimba njia ya mitumbwi, mto mkubwa kabisa wa Kenya ukaigeuza kuwa njia yake. Mpaka leo mlango wake ni Kipini, na wakulima wa Ozi wanalalamika kwamba maji yakipungua kutoka juu, bahari inaingia mtoni na kuharibu mashamba ya mpunga na miembe kwa chumvi.

Hiyo ndiyo safari nzima ya takriban kilomita 1,000. Na Pate? Kutoka Kipini hadi Mbwajumali kuna pwani nzima ya Lamu Magharibi, kuna kisiwa cha Lamu na cha Manda, kisha mlango wa bahari. Mto ambao chumvi inaushinda kwenye mlango wake wenyewe hauna nguvu ya kupita chini ya bahari hadi kisiwa kingine.

Haina maana kwamba Tana hauna lolote kwa watu wa hapa. Majira ya kusi, mkondo wa bahari unaelekea kaskazini, na mvuvi hahitaji kuambiwa na mtu kwamba bahari yenye tope si sawa na bahari safi kwa nyavu. Tope na rutuba ya mto ndivyo vinavyolisha kamba wa ghuba ya Ungwana. Na barabara pia ni ya Tana, kwa namna yake. Mvua za El Nino za mwishoni mwa 2023 zilipoufurisha mto, barabara ya Garsen kwenda Lamu ilikatika kwa maji upande wa Gamba, na mzigo unaopakiwa Mokowe kuja visiwani ukawa wa taabu. Mto usiofika Mbwajumali ulifika kwenye bei ya unga.

Ipo mito mingine ya kuulizia. Kaskazini, wale wenye jamaa Kismayu wanaujua mto Jubba. Huo unatoka nyanda za juu za Ethiopia, ambako matawi yake, Genale, Dawa na Gestro, yanakutana karibu na Dolo mpakani, kisha unashuka hadi baharini Goobweyn, karibu na Kismayu. Mwenzake, Shebelle, miaka mingi haufiki baharini kabisa, unapotelea kwenye vinamasi karibu na Jubba. Na bara hapa karibu kuna Dodori, mto uliolipa jina lake hifadhi ya Dodori iliyoanzishwa mwaka 1976. Dodori ni mto wa msimu. Unapita katika misitu wanamokaa Waaweer, na sehemu yake inayojulikana na mabaharia, ile ya mwisho, ni mkono wa bahari kama mito mingine ya hapa. Mto unaokauka wenyewe hauwezi kunywesha kisiwa.

Basi jibu linarudi nyumbani. Maji ya visima vya Pate ni mvua iliyonyesha Pate.

Ushahidi wake hauhitaji mtaalamu, unahitaji mtu aliyeteka maji miaka mingi. Kisima kinakuwa kitamu baada ya masika na kinapungua utamu kadiri kaskazi na kiangazi vinavyoendelea. Masika ikikosa, mwaka huo chumvi inaingia mapema. Kama maji yangekuwa yanatoka Mlima Kenya, kisima kisingejua kwamba Mbwajumali haikupata mvua. Katika visima vilivyo karibu na ufuo, maji hupanda na kushuka kidogo pamoja na bamvua na maji mafu. Hii ni dalili kwamba chini ya maji matamu ipo bahari, na bahari hiyo inapumua.

Na ndivyo ilivyo. Ardhi ya kisiwa ni mchanga na jiwe la matumbawe, lenye matundu tele. Mvua inapenya, bahari nayo inapenya kutoka pembeni. Maji ya bahari ni mazito zaidi kidogo: lita 1,000 za maji matamu zina uzito wa kilo 1,000, na za bahari zina kilo 1,025 hivi. Kwa sababu ya tofauti hiyo ndogo, maji ya mvua yanaelea juu ya maji ya chumvi ndani ya ardhi, mfano wa mashua. Sehemu ndogo inaonekana juu, sehemu kubwa imezama.

Hesabu yake imejulikana na wataalamu kwa zaidi ya miaka 100. Kwa kila sentimita 1 ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna takriban sentimita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Maji yakisimama nusu mita juu, kuna mita 20 za kuelea chini. Hiyo ni habari njema. Habari mbaya ni kwamba hesabu hiyo inafanya kazi kinyumenyume vilevile. Pampu ikishusha maji kwa sentimita 10 na kuyaweka hapo kwa muda mrefu, chumvi chini inapanda kama mita 4. Haipandi siku hiyo hiyo, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Pampu inafungwa mwezi huu, maji yanatoka kwa wingi, kila mtu anafurahi, na chumvi inakuja msimu mwingine, wakati hakuna tena anayeihusisha na pampu.

Ndoo na kamba ya wazee ilikuwa na hekima yake, ingawa ilichosha mikono ya kina mama na hakuna haja ya kuisifu kupita kiasi. Ilikuwa inateka kidogo kidogo, kisima kikipumzika katikati. Pampu nayo inaweza kufundishwa adabu hiyo hiyo: ivute kidogo asubuhi na kidogo jioni badala ya saa nane mfululizo. Visima vitano vya kina kifupi vilivyoachana, kila kimoja kikitoa kidogo, ni salama kuliko kisima kimoja kinachonyonywa kwa niaba ya kijiji kizima. Na kisima kikishageuka chumvi, dawa si kukichimba zaidi. Bara, mtu akikosa maji huchimba chini. Kisiwani, chini ni bahari, kwa hivyo kuchimba zaidi ni kuifuata chumvi ilipo. Kisima kama hicho hupumzishwa mpaka mvua irudi.

Sifongo ya Mlima Kenya ni msitu, ya kisiwani ni mchanga. Mji wa Lamu unalijua hili vizuri, kwa kuwa maji yake yanatoka visima vilivyo kwenye vilima vya mchanga vya Shela, na vilima vile vikijengwa au vikichotwa mchanga, mji ule hauna mto wa kukimbilia. Huku Pate pia, mahali pa wazi penye mchanga palipo juu ya visima si mahali pasipo kazi. Ndipo mvua inapoingilia. Kupatandaza saruji, au kupageuza jaa, ni kuziba mdomo wa kisima au kukilisha uchafu. Choo cha shimo kikae mbali, mita 30 angalau, na upande ambao maji yanaelekea baada ya kisima, si kabla. Jiwe la matumbawe lina nyufa, na uchafu hupita ndani yake haraka kuliko unavyopita kwenye udongo wa kawaida. Mita zaidi ya 30 si woga.

Njia nyingine ni kuikamata mvua kabla haijagusa ardhi. Wazee wa visiwa hivi hawakungoja mradi wa mtu kulijua hilo. Jabia ni jibu lao: sakafu pana ya kukinga mvua, yenye mteremko, na tangi la chini la kuihifadhi. Faida yake ni kwamba maji yale hayana uhusiano wowote na chumvi ya chini. Mitambo ya kusafisha maji ya bahari nayo ipo, kama ule wa nguvu ya jua uliowekwa Kiunga mwaka 2018, lakini mtambo unahitaji fundi, vipuri na fedha kila mwaka, na jabia inahitaji ufagio na saruji kidogo.

Hesabu ya mvua ni nyepesi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Paa la mabati la mita 10 kwa 6 lina mita za mraba 60. Mwaka ukipata milimita 900, paa hilo linapokea lita 54,000. Tuseme sehemu moja katika tano inapotea kwa kumwagika na kukauka, zinabaki lita 43,200, ambazo ni mitungi 2,160 ya lita 20. Nyumba inayotumia mitungi 6 kwa siku kwa kunywa na kupikia inaweza kwenda nayo karibu mwaka mzima.

Lakini mvua ya Lamu haigawanyiki sawa kwa miezi 12. Sehemu kubwa inakuja kati ya Aprili na Juni. Tangi la plastiki la lita 5,000 linajaa upesi, linafurika, na linatoa mitungi 250 tu, ambayo kwa nyumba ile ile ni wiki 6. Kinachokosekana hapo ni mahali pa kuyaweka, wala si mvua. Kwa hiyo jabia ya mtaa, kubwa na yenye mlango unaofungwa, inafaa zaidi kuliko matangi madogo ya kila nyumba, mradi ijulikane ni nani anashika ufunguo na ni nani anafagia. Jabia iliyopasuka sakafu ikaachwa ni hasara kubwa kuliko ambayo haikujengwa, kwani gharama yake imeshalipwa.

Paa la makuti halifai kwa maji ya kunywa, yanatoka na rangi na taka. Kwenye mabati, mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachwe ipite, maana inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Mfereji uondolewe kwenye tangi mpaka maji yaonekane safi, kisha urudishwe.

Kwa wenye visima, kazi moja ndogo inafaa kuanza kabla ya masika. Chukua kamba, funga jiwe, pima kutoka ukingo wa kisima hadi uso wa maji, asubuhi kabla ya mtu yeyote kuteka. Andika tarehe na kipimo, na andika pia kama ni bamvua au maji mafu. Onja, kisha andika kama ni matamu, yana chumvi kidogo au hayanyweki. Rudia kila wiki 2. Watoto wa shule wanaiweza kazi hii, na daftari la mwaka mmoja litaonyesha kisima kipi kinahimili pampu na kipi kibaki na ndoo.